Krismasi Kharumwa: Nilikwenda kujenga kaburi, nikanunua miti

IKIFIKA Disemba hapa Dar habari ni moja tu: Wachagga wanarudi Moshi. Utaisikia kwenye daladala, utaisoma magazetini, na ukienda stendi utaiona kwa macho yako, mabasi ya Kilimanjaro yamejaa mpaka mtu anakubali kukalia ndoo. Sikatai, jamaa wanajua kurudi kwao. Lakini kwani sisi wengine tuliokotwa chini ya mnazi? Nani ameandika hata siku moja kwamba Wasukuma nao wana kwao, na huko kwao kuna bibi, na huyo bibi anauliza kila wiki, "Unakuja lini?"

Basi leo msomaji wangu nakupeleka Kharumwa.

Usicheke. Najua hupajui. Hata yule mpiga debe wa pale Mbezi Luis nilipomtajia alinitolea macho. "Karume? Mshikaji, Karume si Ilala huko? Umeshapitiliza." Nikamwelewesha kwamba Kharumwa ni makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale, Mkoa wa Geita. Hapo ndo nikaharibu kabisa, maana Nyang'hwale ni jina linalotaka ulimi wa kuzaliwa nao. Mimi mwenyewe wangu ni nusu. Dingi Msukuma, maza Mzaramo, na kama unaujua utani wa Wazaramo na watu wa bara ya kule utaelewa kwamba nimekulia katikati ya vita.

Safari yenyewe ilikuwa Krismasi ya mwaka 2023. Nilikuwa sijakanyaga Kharumwa tangu 2017, tulipompeleka dingi kumzika. Miaka sita! Kaburi lilikuwa bado tuta la udongo, na shangazi alikwishanipigia simu mara tatu kunieleza kwamba mvua inalimaliza na watu wanaona. Ukimsikia shangazi yangu anasema "watu wanaona", ujue kesi imefika mbali. Kwa hiyo mwaka mzima nilidunduliza mpaka nikafikisha laki tatu na nusu, za saruji, mchanga na fundi. Nikazishonea ndani ya mfuko wa suruali. Ndiyo, najua kuna kutuma kwa simu. Makato nayo yapo.

Wakati huo nauli zilikuwa zimetoka kupanda. Kuanzia tarehe 8 Disemba 2023 nauli ya basi la kawaida ilitoka shilingi 41.29 kwa kilomita ikawa 48.47. Kutoka Dar hadi Kahama ni kilomita zinazokaribia elfu moja, piga hesabu mwenyewe. Halafu ukimaliza hesabu yako ifute, maana tiketi niliyopewa na yule jamaa wa Karume ilikuwa elfu sabini na tano, na kiti kilichoandikwa humo nilimkuta mama mmoja amekikalia na mtoto, na yeye ana tiketi yenye namba ileile. Ungefanyaje? Nilikwenda nyuma kabisa, kile kiti cha watu watano, tukabanana kama punje za mahindi gunzini.

Tuliondoka saa tatu usiku. Kwa miaka mingi mabasi ya mikoani yalikuwa hayaruhusiwi kutembea usiku kucha, ruhusa ilikuja Oktoba mwaka huohuo wa 2023, kwa hiyo nusu ya abiria walikuwa washamba wa usiku kama mimi. Kila taa ikitokea mbele watu wanakohoa. Mazungumzo yalikuwa mvua tu. Ulikuwa mwaka wa El Niño, na tarehe 3 Disemba matope ya Mlima Hanang yalikuwa yameshuka Katesh na kuua watu. Nje ilikuwa inanyesha. Nilishika mfuko wangu wa suruali nikalala.

Dodoma sikuiona. Manyoni nilinunuliwa yai la kuchemsha na mzee niliyekaa naye, Mnyiramba, ambaye alikuwa anashuka Igunga. Kuanzia Singida mzee akafungua mdomo. Tulipoanza kuteremka Mlima Sekenke, ile barabara ya kona inayoshuka bondeni kama nyoka, akaniambia, "Unaona huku? Huku Mjerumani alichimba dhahabu." Nikadhani ni hadithi za safarini. Kumbe kweli. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walikuwa na mgodi Sekenke, na mwaka 1916, vita imewazunguka na pesa zimewaishia, waliipeleka dhahabu hiyo Tabora wakafyatua sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Leo watu wa kukusanya sarafu huko Ulaya wanazigombea kwa bei ya kutisha. "Babu zetu walibeba mawe," akasema mzee, "sarafu hatukuiona hata moja." Halafu akashuka na kuku wake.

Namtaja mzee huyu kwa sababu dhahabu ndiyo itakayotusumbua huko mbele.

Nzega, Tinde, pale njia panda wenzetu wa Shinyanga na Mwanza wanakwenda kulia na sisi tunashika ya Isaka. Saa nane mchana niko Kahama, miguu imevimba kama maandazi. Kutoka hapo ni michomoko. Kama hujawahi kupanda, mchomoko ni gari dogo la watu watano linalobeba tisa, na dereva anakaa nusu kiti kwa sababu nusu nyingine amempangisha abiria. Njia nzima hadi Kakola nilikuwa nimepakata kreti ya vifaranga vya mtu ambaye simjui.

Kakola ipo pembeni ya mgodi wa Bulyanhulu. Ukipita pale usiku, taa zake utadhani umerudi Posta. Ule mgodi mkubwa ulianza kazi mwaka 2001. Kabla ya hapo walikuwepo wachimbaji wadogo, maelfu, mpaka walipoondolewa mwaka 1996, na baba mdogo wangu alikuwa mmojawapo, kijana wa miaka ishirini na kidogo. Aliondoka na baiskeli na godoro. Tangu siku hiyo akasema shimo basi, akarudi kwenye mpunga na ng'ombe. Nitarudi kwake.

Bodaboda ikanifikisha nyumbani jua linazama. Bibi alikuwa kibarazani anachambua karanga. Nikapiga goti, "Shikamoo bibi." Akaniangalia. "Mwadila," akasema, ndiyo salamu ya kule mchana ukishapinda, na akasubiri nijibu kwa lugha ya kwetu. Nikababaika. Akageukia ndani akaita, "Njooni muone, kuna Mzaramo amepotea!" Nyumba nzima ikatoka inacheka, na yeye ndo akanikumbatia akaanza kulia.

Wacha nikupe picha ya Kharumwa kidogo. Sehemu hii ilikuwa Wilaya ya Geita, Mkoa wa Mwanza, mpaka mwaka 2012 Geita ilipofanywa mkoa na Nyang'hwale ikawa wilaya. Kwa hiyo kuna ofisi, kuna gesti, kuna maduka ya simu, na katikati ya mambo hayo ya mjini anapita mtu na ng'ombe kumi na sita na hana haraka. Spea za pikipiki, mbegu, majembe na vibao vya wanunuzi wa dhahabu vinatazamana barabarani. Vijana wa pale wanavaa vizuri kuliko sisi wa Mbagala, nasema ukweli. Tofauti ni viatu: Disemba kila mtu ana matope mpaka kwenye ugoko.

Na hilo ndilo sikulijua. Krismasi ya mjini ni kupumzika, ya Usukumani inaangukia katikati ya msimu wa kulima. Mvua imeshanyesha, mpunga na mahindi vinasubiri, na hakuna anayekuuliza umesafiri saa ngapi. Jumamosi saa kumi na moja alfajiri baba mdogo aligonga mlango: "Baba, twende." Kule mtoto wa kiume anaitwa baba, usidhani nimepandishwa cheo. Maksai wawili wanakokota plau, yeye ameshika mpini, mimi nimepewa kazi ya mbele, kuwaongoza, kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na mtoto wa darasa la nne. Kufika saa nne nilikuwa na malengelenge mikononi na mmoja wa wale maksai alikuwa ameshanidharau waziwazi.

Lakini msosi! Asubuhi matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa mpaka vikawa kama pipi ngumu, unavitafuna na chai. Mchana ugali, mlenda, maziwa mgando. Mimi ambaye Dar nashindia chipsi nilikuwa nakula mpaka shangazi anauliza kama maza ananinyima.

Dogo alifika usiku wa mkesha. Namwita Dogo, ni mtoto wa baba mdogo, wakati huo ana miaka 21. Tuliachana akiwa ananyoa kipara kwa wembe, nikamkuta ana mabega kama mlango. Yuko machimboni, machimbo ya wachimbaji wadogo, mwendo wa kama saa moja kwa bodaboda kutoka nyumbani, jina la mahali nalihifadhi. Alikuja na kreti mbili za soda, kitenge cha bibi na mchele kilo ishirini. Mimi wa Dar nilikuja na biskuti na kalenda. Sikulala vizuri.

Krismasi yenyewe, Jumatatu, sina la ajabu la kukusimulia. Kanisani kwaya ilipiga kinanda mpaka umeme ukakatika, ikaendelea na ngoma. Mbuzi wawili walikufa. Nilitambulishwa kwa bibi saba, na kila mmoja alinishika uso akasema nimefanana na marehemu. Watoto walikuwa na nguo mpya na wakazimaliza kwenye matope kabla ya saa saba. Mchana, baada ya kula, tukaenda kaburini. Tuta lilikuwa limebaki kimo cha kiganja. Shangazi hakusema kitu, alinitazama tu. Nikapapasa mfuko wangu nikasema, "Kesho fundi anakuja." Wote wakaitikia kama kanisani.

Kesho yake fundi hakuja, kilikuja kikao.

Baba mdogo alitukusanya chini ya mwembe: bibi, shangazi, wazee wawili wa ukoo, Dogo na mimi. Habari yenyewe ilikuwa hivi. Machimboni kuna ngazi. Kuna mwenye leseni ya eneo. Chini yake kuna wenye maduara, duara ndo shimo, hawa wanalisha vijana, wananunua kamba na miti na mafuta ya jenereta. Na chini kabisa kuna wanaoingia shimoni. Mawe yakipatikana yanagawanywa kwa viroba, kila ngazi na fungu lake, na unaweza kubahatisha ni fungu la nani dogo. Halafu kiroba chako ukipeleke karasha kikasagwe, ukioshe, ukamatishe kwa zebaki, uchome, ndipo ujue kama umepata gramu mbili au umepata moshi. Dogo alikuwa ngazi ya chini miaka miwili. Sasa kulikuwa na duara linaachwa na mwenyewe, amefilisika kabla ya kufika kwenye mwamba, na yeye na wenzake watatu wamelipata. Alitaka ng'ombe wanne wauzwe.

"Wanne kati ya wangapi?" akauliza bibi, ingawa anawajua kwa majina.

"Kati ya sita, bibi."

"Na plau utavuta wewe?"

Wazee wakacheka, Dogo hakucheka. Alieleza vizuri kabisa, simlaumu. Alisema siku hizi si kama zamani za kuuza dhahabu gizani, tangu 2019 kuna soko la madini Geita, mtu anapima na kupewa bei iliyoandikwa. Alisema kulima mpunga ni kumngoja Mungu anyeshe. Alisema, na hapa sauti ilimshuka, kwamba duara lile alikuwa tayari anaingia, wameshaanza, na lina miti ya kushikilia kuta hatua chache tu za juu. Kule chini ni udongo mtupu.

Baba mdogo akainamisha kichwa. Kisha akataja Nyangalata. Ni machimbo upande wa Kahama, ambako Oktoba 2015 shimo liliwafunika watu, na Novemba wakatolewa watano wakiwa hai baada ya siku 41, walikuwa wanakula mizizi na mende. Kule hakuna asiyeijua habari hiyo. Akasema, "Wale Mungu aliwataka. Wewe anakutaka?"

Halafu wakanigeukia mimi. Msomi wa Dar! Kidato cha nne na divisheni niliyoipata nikikutajia utafunga gazeti. Nilifanya kile wanachofanya wasomi, nikasema kila upande una hoja. Nikasema ng'ombe wasiuzwe, na Dogo aache machimbo, atafute kazi nyingine. "Ipi?" akauliza Dogo. Aisee. Nikataka kusema aje Dar, nikaikumbuka ile meza yangu ya kuuzia kava za simu pale Mbagala, nikanyamaza.

Kikao kikavunjika bila jibu. Usiku Dogo akanifuata nje. Hakutaka ng'ombe tena. Alijua nina hela, shangazi alikwishatangaza. "Kaka," akasema, "nikopeshe za miti tu. Si za dhahabu. Miti." Nikamwambia siwezi, ni za dingi. Akasema sawa, akaniaga, alikuwa anarudi asubuhi.

Nikaenda kumwambia bibi, nadhani nilitaka asifiwe mtu, na mtu huyo ni mimi. Alikuwa amelala kitandani, taa ya sola inawaka. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Ng'ombe hawauzwi," akasema.

"Ndiyo bibi."

"Na yule kesho anaingia shimoni, ng'ombe wauzwe wasiuzwe. Utamfunga kamba?"

"Hapana bibi."

"Basi baba yako hana haraka. Kanunue miti."

Shangazi aliposikia asubuhi hakuzungumza na mimi mpaka naondoka. Nilimwelewa. Yeye ndiye atakayebaki pale akitazamwa na watu.

Miti ya mikaratusi tuliinunua kwa mzee mmoja mwenye shamba, tukaipakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Laki mbili na themanini ziliishia hapo, na nyingine kwenye misumari na kamba. Machimboni kwenyewe nilichokiona kwanza ni turubai za bluu, maduka ya vibanda, muziki, mama ntilie, na udongo umefumuliwa kila mahali kama fuko wamepigana. Mdomo wa duara ni mraba mdogo tu, mlango wa choo ni mkubwa kuliko ule. Juu yake kuna winchi ya mti na kamba. Dogo akanikaribisha nishuke nione. Niliingia. Nilishuka kama kimo cha watu wawili, hewa ikawa ya moto, tonge la udongo likanidondokea begani, nikapiga kelele nitolewe. Vijana walicheka mpaka wakakaa chini. Siku mbili walikuwa wanapigilia miti ile, nami kazi yangu ilikuwa kuhesabu inayoshuka.

Nilirudi Dar tarehe 30 nikiwa na kilo kumi za mchele, michembe ya maza, na nauli ya kukopa kwa baba mdogo.

Jumapili ya tarehe 14 Januari 2024 nilikuwa kijiweni, mtu akasoma habari kwenye simu. Machimbo ya Ng'alita, Bariadi, mkoani Simiyu, jana yake yamewafukia wachimbaji. Mvua. Waliokufa walikuwa zaidi ya ishirini. Bariadi si Nyang'hwale, najua ramani. Lakini watu wa machimbo huhama, wakisikia sehemu imetoa dhahabu wanahamia usiku huohuo. Nikampigia Dogo. Haipatikani. Baba mdogo akaniambia ana wiki hajamwona. Nilipiga usiku kucha. Jumatatu haipatikani. Nilikuwa nauza kava na kuwarudishia watu chenji zaidi.

Jumatatu saa mbili usiku simu ikaita. Namba ngeni. "Kaka, umenitafuta?" Simu yake ilikuwa imeingia maji. Nilimtukana matusi ambayo mhariri hawezi kuyapitisha, naye akawa anacheka, kisha akaacha kucheka, tukakaa kimya mpaka salio lake likakata.

Dhahabu? Mnataka dhahabu. Lile duara walichimba mpaka Machi 2024, mwamba waliufikia, na ulichotoa ni maji. Mashine ya kuvutia hawana. Walikamata gramu chache za kulipia deni la mama ntilie, wakaliacha. Miti waliyoweza kuing'oa Dogo aliirudisha nyumbani kwa mkokoteni uleule, na bibi ameitumia kujengea zizi jipya la ng'ombe wake sita. Nimetumiwa picha. Ni zizi zuri kuliko nyumba ninayopanga.

Kaburi bado ni tuta. Nimeanza tena kudunduliza, nina laki na ishirini, na safari hii shangazi ameagiza nizitume kwake moja kwa moja, kwa simu, makato atalipa yeye.